Gari Langu Linavyokula Mafuta, na Safari ya Kuja Kwako

S.L.P. 41,
Dry Fork, Montana.
13 Aprili 2004

Mpendwa Dada Ardis,

Pokea salamu zangu, na pole sana na nyonga. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kiti chako cha dirishani, mguu umeuinua kama daktari alivyokuagiza, na si juu ya ngazi unafuta makabati. Nakujua. Je, usingizi unapata? Zile dawa za maumivu bado zinakutia kichefuchefu? Na yule paka wako mnene bado anakulalia tumboni kama mkopeshaji?

Mimi mzima. Goti linagoma asubuhi, mchana linakubali. Theluji imeyeyuka, imebaki kidogo tu kwenye kivuli cha ghala, na tope la hapa uani linaweza kumvua mtu kiatu na soksi yake. Chakula nakula. Usiulize nakula nini.

Ningekupigia simu, lakini unanijua, kwenye simu mimi huwa bubu. Miaka yote LaVonne wangu ndiye aliyekuwa anaongea nawe, mimi nikipaza sauti kutoka jikoni, "Msalimie!" Kwa hiyo naandika. Kalamu hainingoji nijibu papo hapo.

Barua yako niliipata. Umesema utapasuliwa tarehe ishirini na sita, na kwamba hospitali haitakuruhusu kurudi nyumbani mpaka pawe na mtu wa kukaa nawe hadi utembee mwenyewe. Mwanao Curtis yuko Alaska na kazi haimpi ruhusa. Asipopatikana mtu, watakupeleka nyumba ya wazee upone huko. Kisha ukaandika, "Orrin, na Mama naye aliingia pale kwa wiki mbili." Ukaishia hapo. Hukuwa na haja ya kumaliza, maana mimi ndiye niliyekwenda kuchukua nguo zake.

Nami nikakujibu kwamba nitakuja gari likitengemaa. Nilikusikia ukiguna hata kabla hujaipokea barua. Tangu tumzike LaVonne mwezi wa Oktoba umekuwa ukiniita, na mimi nimekuwa nikikuandikia habari za gari. Safari hii nakuomba unisikilize mpaka mwisho, halafu unitukane ukipenda.

Shida ilikuwa hii. Yule mzee wa kituo cha njia panda amefunga pampu zake, amehamia Arizona kwa binti yake akaote jua. Tangu aondoke, kutoka hapa mpaka pampu za upande wa pili, karibu na kwako, hakuna tone la mafuta. Ni maili mia na hamsini za nyasi na waya wa seng'enge. Pikapu yangu ilikuwa na matenki mawili, lakini moja lilioza kwa kutu nikaling'oa. Hili lililobaki, kwa jinsi lilivyokuwa linakauka, lingenifikisha katikati ya nyasi halafu liniache natazamana na swala.

Utasema nibebe dumu. Dada, wewe na mimi tulikuwepo pale dumu lilipomlipukia Baba. Ile mikono yake siisahau. Kwa hilo usinishauri. Na kuzunguka kwa barabara kuu ya kaskazini siwezi, macho yangu hayapatani tena na malori.

Basi nikaanza kutafuta dawa ya ulafi wa gari. Mji huu una watu wachache kuliko ng'ombe, lakini mafundi wa mdomo hawahesabiki, na wote hunywa kahawa kwa Marlys. Marlys unamkumbuka, yule mwenye mkahawa, aliyemtengenezea LaVonne keki tulipotimiza miaka arobaini ya ndoa. Siku niliyotaja habari ya mafuta, Elroy na Gus nusura washikane mashati.

"Teremsha mlango wa nyuma wa bodi," Elroy akasema. "Upepo upite. Unatembea na ukuta mgongoni, wewe!"

"Thubutu! Uache umefungwa," Gus akamrukia. "Upepo ukijaa bodini unatulia humo, unaokuja nyuma yake unateleza juu. Hata mtoto analijua hilo."

"Mtoto gani? Huyo wako aliyeingiza trekta bwawani?"

Mimi, mpumbavu wa kuzaliwa, nikamsikiliza Elroy, kwa sababu ndiye aliyekuwa anapiga kelele zaidi. Nikateremsha mlango, nikaondoka kwa mwendo wangu wa kawaida kwenda kununua waya. Nilichosahau ni kwamba bodi haikuwa tupu. Nilipofika, sina gurudumu la akiba, sina sepetu, sina ndoo, na mfuko wa chakula cha mbwa umebaki nusu. Msiba wa kujitakia hauna kilio.

Kwa watu wa hapa kitu hakipotei, na aibu nayo haipotei. Kesho yake nilipoingia kwa Marlys nilikuta gurudumu langu limekalishwa kwenye kiti changu, mbele yake kikombe. Marlys alikuwa amelimiminia kahawa.

"Huyu amekungoja tangu asubuhi," akaniambia. "Anasema umemtelekeza njiani, na mna miaka mingi pamoja."

Walicheka mpaka Gus akatoa meno yake ya bandia kuyaokoa. Nami nikacheka. Mafuta hayakupungua hata kidogo, kama unataka kujua. Mlango nimeurudisha juu, na Gus bado anatembea kifua mbele kama jogoo.

Baada ya hapo nikapunguza mzigo. Mifuko ya mchanga niliyoweka nyuma wakati wa theluji ili magurudumu yashike barabara bado ilikuwemo, na minyororo, na nguzo za uzio, na kipande cha chuma ambacho hata sijui kilitoka kwenye mashine gani. Chini ya vyote hivyo kulikuwa na lile sanduku la vyombo.

Vyombo vya mazishi, Dada. Vile ambavyo wanawake wa kanisani waliletea viazi vya jibini na nyama za kuoka na maharage, kila sufuria na bakuli lina jina la mwenyewe limebandikwa chini. Wewe ndiye uliyeviosha na kunipangia sandukuni, ukaniambia nivirudishe wiki ile ile. Sikuvirudisha. Nimetembea navyo majira yote ya baridi, vyuma vizito vya kupikia vinagongana nyuma kila penye shimo, na mimi naongeza sauti ya redio.

Nikavirudisha. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, na kila mlango niliambiwa, "Ingia, Orrin, ukae kidogo." Kila mlango nikajibu, "Asante, siwezi, gari linanguruma nje." Mke wa mchungaji alilishika bakuli lake mikononi akanitazama kama anayetaka kusema kitu. Nikaondoka kabla hajakisema.

Kisha nikampelekea Dwight gari. Dwight ni yule fundi wa karakana iliyo nyuma ya benki, mtu wa maneno machache, matatu kati ya hayo ni matusi. Alifungua chujio la hewa akatoa makapi ya ngano na kiota cha panya, kizima, na manyoya yake. "Gari lako lilikuwa linapumua kupitia godoro," akasema. Choki, ile inayoongeza petroli injini ikiwa baridi, ilikuwa imekwama tangu majira ya theluji, injini inanyweshwa petroli kama bado ni Januari. Breki ya nyuma kushoto ilikuwa imeng'ang'ania. Matairi yalikuwa hayana upepo wa kutosha. Akasafisha, akalegeza, akajaza, akabadilisha plagi zote. Akaniambia nisizidishe maili hamsini kwa saa na nisikanyage mafuta kama naua nyoka.

Lilipotoka pale lilikuwa jepesi hasa. Nikajaza tenki, nikafurahi. Wiki haijaisha, mshale umelala chini.

Siku hiyo nilikwenda kwa Marlys nimekasirika. Nikamwambia Dwight mbele ya watu wote kwamba amenitoza bure, gari bado linakula mafuta kama moto unavyokula nyasi kavu, na kwa hali hii dada yangu ataishia kwenye nyumba ya wazee kwa sababu ya fundi asiyejua kazi. Nilisema maneno mabaya, Ardis. Dwight aliendelea kula mayai yake. Marlys ndiye aliyeweka birika chini.

"Orrin," akasema, "gari lako liko wapi sasa hivi?"

"Si hilo hapo nje?"

"Linafanya nini?"

Wote wakageuka dirishani. Gari lilikuwa limesimama mbele ya mkahawa, halina mtu, linanguruma na kutoa moshi wake mdogo mweupe.

"Uliingia hapa sijaweka hata pai ya kwanza jikoni," Marlys akasema. "Sasa napanga meza za chakula cha mchana. Na jana vilevile. Wenzako huacha injini ikinguruma wakati wa kununua mkate tu. Wewe unaiacha mpaka nafagia."

Dwight akafuta mdomo. "Kumbe. Basi mafuta yako hayaishii barabarani, mzee, yanaungulia hapo. Ukiwa barabarani gari hilo linafika kwa dada yako na kitu kinabaki tenkini. Lingefika hata kabla sijaligusa, ukijikaza kidogo."

Wewe umeondoka huku siku nyingi, lakini desturi yetu unaijua. Mtu akiacha gari linanguruma nje, maana yake anapita tu, ana shughuli zake, kwake kuna anayemngoja na chakula. Akizima, amekuja kukaa. Baba aliposhuka kwenye gari bila kuzima, tulijua hatavua hata kofia. Sasa mimi tangu Oktoba sijazima mahali popote. Sizimi kwa Marlys, wala posta, wala kanisani nje ya mlango. Naingia, nasema, "Sikai," nakaa nusu ya siku, na kila mara natazama saa kama mtu mwenye mke. Niliona nikizima, watajua hakuna anayeningoja. Nani asiyejua? Wote wale walibeba jeneza au walipika. Nilikuwa najificha nyuma ya kidole.

Hata nyumbani ni hivyo hivyo. Nikifika uani nakaa garini, injini inaendelea, redio inasema bei za ndama ambazo sina tena, maana ng'ombe niliwauza na ardhi nimemkodisha Gus. Siku nyingine nakaa mpaka mbwa anachoka kunirukia mlangoni, anakwenda kulala. Nikishazima, nyumba inakuwa kimya kiasi kwamba nasikia friji likifikiri. Huo ni upweke, Dada. Nimeuzungukia kwa maneno ya chujio na choki, lakini jina lake ni hilo, na unaniuma.

Turudi mkahawani. Elroy, mropokaji yule, aliinuka, akatoka nje, akazima gari, akarudi na kuniwekea ufunguo kando ya kikombe.

"Kaa," akasema. "Gus anatuibia karata tangu Krismasi, tunahitaji shahidi."

Nikakaa. Nilivua kofia, nikala pai, nikaliwa na Gus raundi zote. Dwight nilimwomba radhi, akaniambia nimlipie mayai. Nikamlipia na nyama.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu ukurasa wa kwanza. Alhamisi iliyopita niliamka, nikajaza tenki, nikasema najaribu tu nione kama gari litavuka. Anga ilikuwa safi. Nikaenda mwendo wa Dwight, taratibu, mlimani sikanyagi, mteremkoni naliacha lijiendee. Kwa muda mrefu sana sikukutana na mtu. Unajua sisi kila tunapopishana tunainua kidole kimoja kwenye usukani kusalimiana. Mara nikajikuta nimewainulia kidole ng'ombe wa watu. Mmoja alinitazama kwa adabu, lakini hakuitikia.

Dada, lilivuka. Nilifika kwenye pampu za upande wa pili, na mshale ulikuwa bado juu ya robo. Nilipiga dashibodi kwa kiganja nikalia "Haya!" peke yangu, kama mwendawazimu. Nikageuka kulia kumwambia mtu. Kiti kilikuwa kitupu.

Nikajaza tena. Nikanunua kahawa mbaya. Kibao cha mji wako nilikiona kwa macho yangu, kimeandikwa maili arobaini, barabara kavu, na saa ilikuwa bado ya asubuhi. Ningekukuta unakula chakula cha mchana. Nilikaa kwenye usukani mpaka kahawa ikapoa, kisha nikageuza gari nikarudi nyumbani.

Ndiyo, nilirudi. Nilikuwa mlangoni kwako na sikuja. Gari halikuwa na kosa. Nimekuandikia hivi kwa sababu najua ungesikia kwa mtu mwingine, yule muuza mafuta ni binamu wa jirani yako Phyllis, na mdomo wake unajulikana. Lakini hata asingekuwa yeye, ningekuambia.

Nilipoona kile kibao nilikumbuka tulivyokuwa tukifika kwako. LaVonne anashuka kabla sijasimamisha vizuri. Anakwenda mbio mlangoni, mnakumbatiana, mnaanza kupiga kelele pale pale kizingitini, na mimi nakuja nyuma na mabegi, napita katikati yenu kama punda wa mizigo, nasema "Habari, Ardis," basi. Miaka yote hiyo sijawahi kuingia nyumbani kwako wa kwanza. Nilijiuliza nikibisha hodi halafu ukafungua, ukatazama nyuma yangu, nitasema nini? Ndiyo maana niligeuza.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nakufikiria wewe. Nikafika nyumbani na bado nakufikiria, uko juu ya kile kitanda cha nyumba ya wazee, unawaambia wauguzi, "Mdogo wangu anakuja, ana shida kidogo ya gari." Maana najua ungenitetea. Ulinitetea kwa Baba nilipovunja jembe, ulinitetea kwa kina LaVonne waliposema sina shamba. Hapo nikaona haya kubwa kuliko ile ya kusimama mlangoni bila neno.

Kwa hiyo nakuja Jumapili hii, baada ya ibada. Usipike. Usimtume Phyllis aje kunipokea njiani. Waambie hospitali, leo hii, kwamba mtu wa kukaa nawe yupo, jina lake Orrin, ni ndugu wa damu, anaweza kuchemsha mayai, kuosha vyombo na kumbeba mtu akilazimika. Nitakaa mpaka utembee, na ukishatembea tutaona. Mbwa atabaki na Gus, ameahidi hatamfundisha kucheza karata. Na siku nikibisha hodi, ukijikuta umetazama nyuma yangu, tazama tu. Mimi mwenyewe natazama kila siku.

Mpe salamu Curtis akipiga simu, mwambie asijilaumu, mama yake ana mtu. Wabusu watoto wake kwa simu kama inawezekana. Msalimie Phyllis, na binamu yake pia, mwambie kahawa yake inafaa kuondolea kutu. Huku Marlys anakusalimu sana, anakutumia pai ambayo nimeapa sitaigusa njiani. Elroy na Gus wanakusalimu, kila mmoja kivyake, maana leo hawasemezani tena. Mungu akuweke salama mpaka nifike, na mikono ya madaktari aishike yeye.

Ombi moja tu limebaki. Najua utataka kunitandikia chumba cha juu, kile cha dirisha la mashariki tulichokuwa tukilala mimi na LaVonne. Tafadhali usinipeleke huko. Nitandikie kochi la sebuleni, karibu na mlango wa chumba chako, na mlango huo usiufunge. Nikigutuka usiku nataka nisikie kuna mtu mwingine anapumua ndani ya nyumba.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Orrin